Uzi: Riwaya za kisayansi na distopia, nilivyozisoma mimi hapa Tororo

#1 Mwalimu wa Mwambani

Habari za jioni wana jukwaa. Nimesoma nyuzi za humu kwa miaka mingi bila kuanzisha wangu. Huu ni wa kwanza na utakuwa mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Tororo. Riwaya za kisayansi na zile za distopia, yaani za nchi ya kubuni ambayo utawala wake umemkaba mtu hadi mawazoni, nilianza kuzisoma shule zilipofungwa Machi 2020. Shule za Uganda zilikaa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022, na mwalimu mwenzangu aliyerudi kwao Mbale kulima aliniachia katoni la vitabu. Humo ndimo nilimokutana na 1984 ya George Orwell, Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, na vingine nitakavyovitaja mbele. Kafyu ikianza saa moja jioni barabara inanyamaza kabisa, mimi nawasha taa ya sola na kusoma.

1984 niliisoma mara ya kwanza kama wanavyoisoma wengi. Niliogopa ile skrini ya ukutani inayokuona wakati unaitazama. Niliogopa Chumba 101 na panya wake. Nilipomaliza nilikirudisha kitabu kwenye katoni, nikajiambia haya ni mambo ya Ulaya baada ya vita. Kitabu kilitoka mwaka 1949, mwandishi wake akafariki Januari 1950, yamekwisha.

Mwaka huu mwezi wa pili mama alikuja kwangu kutoka Luweero kutibiwa macho. Jioni moja nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, zoezi la vitenzi vya kuamrisha, yeye ameketi mkekani anamenya matoke. Nina kawaida ya kusoma kwa sauti ninaposahihisha. Nikasoma: "Kaa chini. Fungua mlango. Panda gari."

Kisu kikasimama. Ndizi mkononi imemenywa nusu, ganda linaning'inia, utomvu unamchirizika kwenye kidole gumba na haufuti. Akaniambia kwa Kiganda, taratibu, kwamba maneno hayo nisiyaseme tena akiwa ndani ya nyumba.

Wasomaji wa Dar na Mombasa pengine hamjui. Panda gari ndilo jina la misako ya wanajeshi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kampala na pembezoni mwake. Mtaa unazingirwa, wanaume wanatolewa nje, wanaamriwa kwa Kiswahili wapande lori. Kuna waliorudi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa ametoka kwenda kununua sukari na mafuta ya taa, na hakurudi. Mama alikuwa na miaka 16. Hayo nilikuwa nayajua juu juu. Ambalo sikulijua hadi jioni ile ni kwamba mama yangu anajua maneno kama kumi na mawili tu ya Kiswahili, na yote ni ya amri. Lala chini. Mikono juu. Toa pesa. Twende. Kimya.

Alipolala nikaivuta katoni nikatafuta ukurasa mmoja.

Katika 1984 kuna mtu anaitwa Syme. Winston, mhusika mkuu, kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na wanachosema wakubwa leo, lakini Syme anatunga kamusi ya lugha mpya ya chama, na anaipenda kazi hiyo hadi macho yanamng'aa akiieleza. Kila toleo la kamusi lina maneno machache kuliko lililotangulia. Shabaha ni kwamba siku moja mtu akose hata neno la kuwazia uasi. Mara ya kwanza sehemu hiyo niliiona kama fumbo la wanafalsafa. Safari hii nilimwona mama. Lugha ninayoifundisha kwa mapenzi, yenye tenzi na methali na nyimbo za kubembelezea watoto, masikioni mwake ilikwisha kukatwakatwa ikabaki maneno kumi na mawili, na aliyeikata hakuhitaji kamusi, alihitaji lori na bunduki.

Na si mama peke yake. Tazameni maneno ya Kiswahili anayoyajua hata Mganda ambaye hajawahi kujifunza lugha hii: magendo, mafuta mingi, panda gari. Mafuta mingi ni wale waliogawiwa maduka baada ya Idi Amin kuwafukuza Wahindi mwaka 1972. Magendo ndiyo yalikuwa uchumi wenyewe wakati sukari na sabuni zimeadimika. Leo Kiswahili kiko kwenye mtaala wa sekondari, Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha kuwa lugha rasmi, lakini bado napata mzazi anayenisogelea baada ya mkutano na kuniuliza kwa upole kwa nini mtoto wake afundishwe lugha ya wanajeshi na wezi. Zamani nilikuwa nakasirika. Sikasiriki tena.

Syme mwenyewe anapotea. Winston anatazama orodha ya kamati ya sataranji iliyobandikwa ubaoni. Hakuna jina lililokatwa kwa wino. Orodha ni ile ile, imepungua jina moja tu. Nimesoma vitabu vyenye maiti kwa mamia na hakuna ukurasa ulioniuma kama huo. Mimi huita majina ya wanafunzi kila asubuhi, najua orodha iliyopungua jina inavyosikika.

Swali langu kwenu: ni riwaya gani ya aina hii iliyokukuta mahali, ikagusa jambo la nyumbani kwako? Sihitaji orodha ya vitabu bora. Nataka kujua ulikuwa wapi na ni ukurasa gani.

#2 Bint Bombo

Mwalimu, pole kwa mama, na pole kwa mjomba. Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, naomba nieleze upande wetu bila kupunguza lako. Kwetu Kinubi na Kiswahili ni lugha za jikoni. Bibi yangu alinibembeleza kwa lugha hizo. Amin alipoangushwa Aprili 1979, nasi tukihesabiwa kuwa watu wake, wengi wetu walikimbilia Sudan na Kenya, na waliobaki walijifunza kunyamaza ndani ya taksi, maana ukifungua mdomo lafudhi inakutaja wewe ni nani. Kwa hiyo lugha ambayo mama yako aliogopa kuisikia, bibi yangu aliogopa kuisema. Walikuwa na hofu moja, kila mmoja amesimama upande wake wa mlango.

Kitabu changu ni The Handmaid's Tale cha Margaret Atwood, cha mwaka 1985. Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba alijiwekea sharti la kutotia humo jambo ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani katika historia. Watu wakikizungumzia hutaja nguo nyekundu na kofia nyeupe. Mimi nilikwama kwenye maduka. Wanawake wamekatazwa kusoma, basi maandishi ya mabango ya madukani yamefutwa, imebaki michoro tu. Ng'ombe, mayai, nyuki. Mwanamke anakwenda sokoni na vijikaratasi vyenye picha.

Bibi yangu aliishi hivyo na hakuna serikali iliyomkataza, ni kwamba tu hakupelekwa shule. Alijua duka la dawa kwa msalaba wa kijani. Vidonge vyake vya kisukari alivijua kwa rangi ya kopo, na rangi ya kopo ilipobadilishwa alikunywa dawa isiyo yake siku tatu. Baada ya hapo akaingia darasa la watu wazima, na umri ule. Siku moja niliingia jikoni nikamkuta amekunjua unga wa mahindi juu ya ungo, anaandika jina lake kwa kidole. Aliliangalia. Aliposikia hatua zangu akaupapasa unga haraka likafutika, kama mtu aliyefumaniwa.

Ndiyo maana nililia kwenye ule ukurasa wa mchezo wa herufi. Kamanda, bwana wa nyumba, anamwita Offred, mjakazi anayesimulia kitabu, chumbani kwake usiku, naye anakwenda akitarajia baya. Kumbe anachotaka ni kucheza naye mchezo wa kupanga herufi uwe maneno. Offred anazishika zile herufi anatamani kuzitia mdomoni kama peremende. Wasomaji wenzangu kwenye kundi letu waliona ni kituko. Mimi niliuona ule unga.

Jambo la pili ni fedha. Asubuhi moja kadi za benki za wanawake wote zinakataa, na pesa zinawekwa chini ya mume au ndugu wa kiume. Wakati nasoma hapo, laini yangu ya simu, yenye akiba yangu yote, ilikuwa imeandikishwa kwa kitambulisho cha kaka yangu kwa sababu mimi sikuwa nacho. Kaka ni mtu mwema, hajawahi kugusa hata shilingi. Lakini nilifunga kitabu na Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya vitambulisho. Ilichukua miezi minane. Sasa laini ina jina langu.

#3 Dereva wa Malaba

Mwalimu, dada wa Bombo, salamu zenu. Mimi ni mtu wa barabara, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine Juba. Siku hizi nasoma kwenye simu nikiwa foleni.

Mei 2020 hapa Malaba malori yalijipanga kilomita kwa kilomita, madereva tunasubiri majibu ya vipimo vya korona. Nililala kwenye kabini usiku mwingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mtu akanitumia hadithi ya E. M. Forster iitwayo The Machine Stops. Sikuamini nilipoona ni ya mwaka 1909. Kila mtu anaishi peke yake kwenye chumba chini ya ardhi, chakula, muziki, mazungumzo, yote yanaletwa na Mashine. Kuna mama yuko upande mmoja wa dunia na mwanawe upande mwingine, wanaonana kwenye sahani inayong'aa. Mtoto anamwomba mama aje amwone kwa macho. Mama haoni sababu, si tunaongea?

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Jioni ile kwenye simu ya video alibusu kioo. Halafu akakitazama, akakifuta kwa kiganja, akamrudishia mama yake simu. Hakulia. Afadhali angelia.

Nina swali kwa Mwalimu. Vitabu vyote mlivyotaja ni vya Wazungu. Mimi shuleni Kenya nilisoma Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani kwa chombo, na badala ya kufa anafika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa haki. Ukilikata hilo jina unapata wale ni sisi. Je, hicho si cha aina hii? Na kama kipo hicho, vingine viko wapi?

#4 Mwalimu wa Mwambani

Dada Bint Bombo, lile la mlango mmoja na pande mbili nimelibeba. Nitalisema darasani, kama utaniruhusu.

Dereva, umenigusa penyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Walenisi ni cha aina hii kabisa. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, za 1990 na 1991, nazo ni za humu humu, ingawa ni ngumu. Mzingile inakuacha katika dunia iliyokwisha teketea, na nimeisoma mara tatu kila mara nikitokea mahali pengine. Shamba la Wanyama ya Orwell, ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri mwaka 1967, nimeifundisha, na wanafunzi wangu hucheka hadi wafike pale amri za ukutani zinapobadilika usiku, halafu farasi jike anamwomba mbuzi ajuaye kusoma amsomee, kwa sababu hakumbuki iliandikwa hivyo. Hapo hunyamaza.

Lakini kitabu ninachotaka kukisema ni Kusadikika cha Shaaban Robert. Kilitoka 1951, miaka miwili tu baada ya 1984. Ni nchi iliyo angani. Kama mtu hataki kuiita hiyo riwaya ya dunia ya kubuni, sijui ataiita nini. Chuoni nilikisoma kwa ajili ya mtihani na sikukipenda. Nilikiona kina mawaidha mengi na mwisho mwema mno. Orwell alinionyesha mtu aliyevunjwa hadi akampenda aliyemvunja, Shaaban ananipa kesi ambayo mshtakiwa anashinda. Nilimwona Orwell ndiye mkweli.

Baada ya ile jioni ya matoke nilikisoma tena, na nilikuwa nimekosea.

Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria. Adhabu ni kifo. Anapewa nafasi ya kujitetea, naye siku sita mfululizo hazungumzi habari zake hata kidogo. Anasimulia wajumbe sita waliotumwa kabla yake, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, kwenda kutafuta mema ya kuletea nchi. Kila mmoja alirudi na alichokipata, na kila mmoja alitiwa gerezani. Buruhani. Fadhili. Kabuli. Auni. Ridhaa. Amini. Nchi nzima ilikuwa imekwisha kuwasahau, na yule mtu anasimama mbele ya mfalme aliyewafunga na kuwataja mmoja mmoja, siku baada ya siku, alikokwenda, alichokiona, alivyopokewa.

Sasa muwekeni karibu na Winston. Kuna siku Winston ana kazi ya kumwondoa gazetini mtu aliyesifiwa zamani ambaye sasa hatakiwi kuwa amewahi kuwepo. Anaketi, anatunga shujaa ambaye hakuzaliwa kamwe, anamweka mahali pake, na mara ana kila kitu, utoto wake hadi kifo chake. Winston anachukia utawala ule, lakini kazi ile anaifanya kwa ustadi na anaona raha yake. Ni Karama aliyegeuzwa nje ndani. Mmoja anafuta majina kwa mshahara, mwingine anayarudisha akiwa kwenye kizimba. Sikuwa nimeona kwamba vitabu viwili vilivyoandikwa karibu wakati mmoja, kimoja Uingereza, kingine na mtu wa Tanga, vinazungumza juu ya jambo lile lile.

Na ule mwisho mwema siuoni tena kuwa ni wa kitoto. Shaaban aliandika chini ya utawala wa kikoloni. Mtu anayeandika akiwa ndani ya Kusadikika yenyewe ana haki ya kuwafungua wafungwa kwenye ukurasa wa mwisho.

#5 Nesi wa Yumbe

Nimetoka zamu ya usiku, nimesoma yote nikinywa chai. Mwalimu, asante kwa Karama.

Nafanya kazi kituo cha afya ndani ya makazi ya wakimbizi ya Bidibidi. Yalifunguliwa Agosti 2016, na ndani ya miezi michache watu zaidi ya laki mbili kutoka Sudan Kusini walikuwa wamefika. Nilikuwepo. Kitabu changu ni Parable of the Sower cha Octavia Butler, cha 1993. Alikianzia Julai 2024, kwa hiyo tarehe zake tumekwisha zipita, na watu mitandaoni wanamwita nabii. Mimi nakataa. Butler hakutabiri kitu. Alitazama watu maskini wanavyoishi na akawaambia majirani zao wenye kuta kwamba ukuta si kitu. Watu wangu hapa walikwisha ishi kitabu chote kabla ya 2024.

Msichana Lauren, miaka 15, anaishi California ndani ya mtaa uliozungushiwa ukuta. Maji ni ghali kuliko petroli. Wenzake wanafikiri ukuta utadumu. Yeye anafunga begi: maji, chakula kikavu, viberiti, mbegu. Ukuta unavunjwa, mtaa unachomwa, anatoka na begi lile anatembea kuelekea kaskazini.

Mbegu. Mwaka ule wa kwanza nilimpokea bibi mmoja aliyetembea kutoka upande wa Yei. Nilitaka nimpime uzito, akakataa kuweka chini fundo la shuka. Nikafikiri ni pesa. Akalifungua kidogo anionyeshe: ufuta na mtama, pengine vikombe viwili, na katikati mbegu tatu za boga zimeviringishwa kwenye karatasi ya sigara. Kila familia ilipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Boga lile lilipanda juu ya turubai.

Jambo jingine katika kitabu hicho ni ugonjwa wa Lauren. Akimwona mtu anaumia, naye anasikia maumivu yale yale mwilini. Wasomaji wengi niliozungumza nao wanauona ni uwezo wa ajabu. Butler hauandiki hivyo, anauandika kama udhaifu ambao msichana lazima aufiche ili asiuawe. Mimi ni nesi, naelewa. Kuna juma ambalo nilihudumia watoto wa surua hadi nikawa nikifika nyumbani siwezi kumshika mwanangu. Nilikuwa nimejifunza kuzima. Nikakisoma kitabu hicho usiku na ile zima yangu ikaniogopesha kuliko surua.

Sehemu ya dini yake mpya na safari ya kwenda kwenye nyota haikuniingia. Nakiri hivyo tu.

#6 Kijana wa Mbarara

Nawaheshimu wote mlioandika hapo juu, na nitasema yangu kwa heshima. Mnaposema riwaya za kisayansi mbona sayansi siioni? Naona huzuni tu. Mimi nasoma uhandisi. Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Virginia, Marekani. Vijana wetu watatu waliifanyia kazi huko Japani. Niliacha kila kitu nikatazama. Chombo chenyewe ni kidogo, unakipakata kwa mikono miwili. Nilitamani mno kuwe na riwaya ambayo mtoto wa Kiganda anatuma chombo angani na hafungwi, hateswi, hasalitiwi na mtu. Kila nikifungua kitabu cha Mwafrika chenye mashine ndani yake nakuta mashine imekuja kutuua. Mimi nimechoka kuambiwa kesho ni mbaya.

#7 Bint Bombo

Mdogo wangu wa Mbarara, tafuta Binti ya Nnedi Okorafor, 2015. Msichana wa Kihimba, hodari wa hesabu, anatoroka nyumbani kwenda chuo kikuu kwenye sayari nyingine. Kuna damu, sikufichi, lakini kifaa cha kale alichotoka nacho nyumbani ndicho kinachomwokoa. Na jina la kitabu halihitaji kutafsiriwa hapa jukwaani.

#8 Mwanafunzi Busia

Shikamooni. Mwalimu, mimi nilianza 1984 nikaacha katikati kwa hofu. Nianze na nini? Na kuna mwandishi wa Uganda anayeandika hizi?

#9 Mwalimu wa Mwambani

Marahaba binti yangu. Kuacha kitabu katikati si kosa, kitakungoja. Anza na Fahrenheit 451, ni fupi, na ina watu msituni ambao kila mmoja amehifadhi kitabu kizima kichwani ili kisipotee hata kama karatasi zote zitachomwa. Ukiwa na bibi au babu anayejua hadithi, hutaiona kuwa ni ya ajabu.

Na wa Uganda yupo, tena ni wa hapa hapa. Dilman Dila amezaliwa Tororo. Mkusanyiko wake A Killing in the Sun ulitoka 2014, na ndani yake roho za wafu na viumbe wa angani wanakaa mtaa mmoja bila kushangaana, kama wanavyokaa katika hadithi za kijijini. Nilipomsoma nilijisikia nimeruhusiwa.

Kijana wa Mbarara, sina jibu la kukunyamazisha na sitaki kukunyamazisha. Unachokitamani ni haki yako. Iandike. Nitaisahihisha sarufi bila malipo, nasema kweli.

Sasa niwaambie la mwisho kuhusu mama, kwa sababu wengi mmeniandikia pembeni kuuliza.

Juzi amerudi tena kwa daktari. Baada ya chakula nikamsimulia kesi ya Karama kwa Kiganda, kitabu mkononi, natafsiri ninavyosoma. Nilipofika kwa wajumbe akaniuliza kama majina yao yameandikwa humo, au ninayasema tu. Nikamwonyesha. Macho yake bado hayaoni herufi ndogo, basi nikamshika kidole nikakiweka juu ya neno Buruhani. Akakaa nacho hapo. Halafu akataja jina la mjomba, lote, hadi lile la utani walilomwita mtaani, na akaniambia alitumwa kilo moja ya sukari na chupa ya mafuta ya taa, na kikapu kilikuwa cha jirani, na jirani hakuwahi kukidai. Akaniambia niandike. Nikaandika mbele yake kwenye jalada la ndani la Kusadikika.

Kisha akauliza sukari kwa Kiswahili inaitwaje.

Nikamwambia, sukari.

Akasema, "Hiyo naijua." Kwa Kiganda ni ssukaali. Akaendelea mwenyewe: sabuni, ssabbuuni. Meza, emmeeza. Dirisha, eddirisa. Kitabu, ekitabo. Saa, essaawa. Nikachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia nikawa naandika anavyotaja, nikirekebisha pale alipobahatisha. Tulihesabu hadi chai ikachemka na kumwagika jikoni. Tumefika maneno 31, ukiacha yale kumi na mawili.

#10 Dereva wa Malaba

Mwalimu, nimesimamisha gari kando ya barabara ndipo nikasoma hii. Nakala ya Kusadikika naipata wapi? Niko Malaba hadi Alhamisi, Tororo si mbali.

#11 Bint Bombo

Mwalimu, muulize mama: kanzu na leso mmezihesabu?

#12 Mwalimu wa Mwambani

Dereva, ninayo ya pili, isiyo na maandishi. Njoo Jumatano jioni, utakula kwetu.

Dada, leesu tuliihesabu. Ekkanzu tumeisahau. Ngoja nimwambie, bado hajalala.